Kanga isiyokunjwa na kanuni za vipeo



Ndugu wasomaji, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia haki za wanandoa, malezi, mirathi na adabu za nyumbani. Wiki hii tunaomba ruhusa yenu tulifungue daftari la hesabu la mtoto wa sekondari, na hasa zile kurasa zinazohusu kanuni za vipeo. Huenda msomaji akajiuliza jambo hilo lina uhusiano gani na ukurasa wa familia. Lina uhusiano mkubwa, kwa sababu daftari hilo hurudi nyumbani kila jioni, na yanayosemwa juu yake sebuleni hukaa katika moyo wa mtoto muda mrefu kuliko yanayosemwa darasani.

Jumapili moja, baada ya swala ya Isha, binti yetu aliye kidato cha pili alituletea karatasi ya jaribio. Maswali yalikuwa kumi, naye alikuwa amepata matatu. Tulimwuliza kama alisoma. Akasema alisoma, na kwamba kanuni zote anazijua kwa moyo. Akazitaja moja baada ya nyingine bila kukosea hata neno, kwa Kiingereza, kama zilivyoandikwa ubaoni. Tukatazama swali la kwanza: 2³ × 2⁴. Yeye aliandika 4⁷. Swali la nne lilikuwa 5⁰, naye aliandika 0. La saba lilikuwa 2⁻³, na jibu lake lilikuwa −8. Tulipomwuliza ile 2 imegeukaje kuwa 4, alijibu kwa mshangao wa kweli: "Baba, si zinazidishwa?"

Hapo ndipo tulipoteleza. Tulisema, tena mbele ya wadogo zake, kwamba kichwa chake si cha hesabu. Neno lilitoka kwa wepesi, kama yanavyotoka maneno mengi ya mzazi aliyechoka. Hakulia wala hakujibu. Aliikunja karatasi yake, akaitia ndani ya daftari, akaenda chumbani. Wiki nzima baada ya hapo hakutuletea tena daftari, nasi tukajua kwa nini. Mbele yake kulikuwa na mtihani wa taifa wa kidato cha pili, ambao asiyefikia kiwango chake hurudia darasa. Mtoto aliyekwisha kuambiwa na baba yake kwamba hana kichwa huingia katika mtihani wa namna hiyo akiwa ameshindwa kabla ya kushika kalamu.

Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya sahaba Muawiya bin al-Hakam as-Sulami (r.a.), aliyezungumza ndani ya swala kwa kutojua. Watu waliokuwa pembeni yake walimkodolea macho na kupiga mapaja yao wakitaka anyamaze. Mtume (s.a.w.) alipomaliza swala hakumkaripia, hakumpiga wala hakumtukana. Alimweleza tu swala ni nini na ndani yake kunasemwa nini. Sahaba huyo alishuhudia kwamba hakuwahi kuona, kabla wala baada, mwalimu aliyefundisha vizuri kuliko yeye. Tukijipima kwa kipimo hicho, sisi siku ile tulikuwa miongoni mwa wapiga mapaja.

Aliyeutatua mkasa huu alikuwa mama yake, ambaye ni mshonaji na ambaye masomo yake yaliishia darasa la saba. Jumamosi iliyofuata alikuwa akikunja nguo zilizoanuliwa, akamwita binti amsaidie. Sisi tulikuwa pembeni na gazeti mkononi, tukijifanya tunasoma.

"Mwanangu," alimwuliza, "ile namba ndogo inayokaa juu, kazi yake nini?"

"Ni kipeo, mama."

"Jina nimelisikia. Nauliza kazi yake."

Binti alinyamaza. Kanuni zote alikuwa nazo ulimini, lakini swali hili dogo hakuna aliyewahi kumwuliza. Baada ya muda akasema, taratibu, kwamba namba ya juu inaonyesha ile ya chini imeandikwa mara ngapi ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe: 2³ ni 2 × 2 × 2, yaani 8. Mama yake akachukua kipande kimoja cha kanga, akakitandaza mkekani, akakikunja kati. Tabaka zikawa 2. Akakunja tena kati, zikawa 4. Akakunja mara ya tatu, zikawa 8.

"Nimekunja mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Nikikunja mara nne zaidi?"

Binti alianza kuhesabu: 16, 32, 64, 128. Kanga yenyewe baada ya mkunjo wa tano ilikuwa imenenepa na haikunjiki vyema, basi iliyobaki akaimalizia kwa kalamu. Mikunjo mitatu na mikunjo minne ni mikunjo saba. Tabaka 8 zikizidishwa kwa 16 ni tabaka 128. Akaandika 2³ × 2⁴ = 2⁷, akaitazama kwa muda, kisha akasema neno ambalo lilitufanya tuliweke chini gazeti: "Kumbe kila mkunjo ulikuwa wa mbili. Hakuna aliyekunja kwa nne."

Ndugu wasomaji, katika kauli hiyo mna kanuni ya kwanza ya vipeo pamoja na sababu yake. Mikunjo hujumlishwa, tabaka huzidishwa. Namba ya chini haibadiliki, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayoeleza namna ya kukunja. Namba ya juu huongezeka, kwa kuwa yenyewe ndiyo hesabu ya mara. Mtoto aliyeona hivyo hahitaji kulazimishwa kukumbuka kwamba vipeo hujumlishwa. Akisahau, atakunja tena kanga akilini mwake na kuipata kanuni pale pale ilipo.

Wakaendelea. Kukunjua ni kugawanya. Kanga iliyokunjwa mara saba, ukiikunjua mara nne, hubaki na mikunjo mitatu. Kwa hiyo 2⁷ ÷ 2⁴ = 2³, na ukihakikisha kwa namba kamili, 128 ÷ 16 = 8. Kisha mama akaikunjua kanga yote, akaitandaza kama ilivyokuwa mwanzo.

"Sasa ina mikunjo mingapi?"

"Hakuna. Sifuri."

"Na tabaka?"

Binti akacheka. Kanga ilikuwa mbele yake, imetandazwa mkekani, tabaka moja. Haikutoweka kwa sababu haikukunjwa. Basi 2⁰ ni 1. Na si kwa mbili peke yake: 5³ ÷ 5³ ni vipeo vitatu kutoa vitatu, yaani 5⁰, na wakati huo huo ni 125 ÷ 125, yaani 1. Hali ni hiyo hiyo kwa kila namba isipokuwa sifuri yenyewe, kwa kuwa sifuri haigawanyi kitu. Wanafunzi wengi huandika kwamba kipeo sifuri ni sawa na sifuri, na mwalimu huwapigia kosa kwa wino mwekundu bila wao kujua wamekosea wapi. Wamekosea kwa kudhani kwamba kutofanya tendo ni kukosa kitu. Kumbe kitu kilikuwapo kabla ya tendo.

Lilibaki swali la kipeo hasi, ambalo huwasumbua hata baadhi ya watu wazima. Hapa tuliona haya kuendelea kukaa pembeni, tukasogea mkekani. Tulimwomba aandike safu hii kutoka kushoto kwenda kulia: 8, 4, 2, 1. Juu yake aandike vipeo vyake: 3, 2, 1, 0. Tukamwuliza, kila hatua moja kwenda kulia namba ya chini inafanywa nini? Akasema inagawanywa kwa mbili. Na kipeo? Kinapungua moja. Basi endelea, tukamwambia, usisimame kwenye moja. Akaandika nusu, robo, na kisha akakwama kidogo kutafuta jina la nusu ya robo. Mama yake akalitamka: thumuni. Juu ya nusu kikakaa kipeo −1, juu ya robo −2, juu ya thumuni −3. Kwa hiyo 2⁻³ ni thumuni, yaani 1/8. Wala si −8. Alama ya kutoa iliyo juu haimfanyi mtu kuwa na deni. Inamwambia ameivuka moja na kwenda upande wa pili, upande wa kugawanya.

Msomaji wa ukurasa huu atakuwa amekwisha kuyatambua majina hayo. Nusu, robo na thumuni ni mafungu matatu kati ya sita yaliyowekwa kwa ajili ya warithi katika Surat an-Nisaa. Mume aliyefiwa na mke asiye na mtoto hupata nusu, na mke akiwa na mtoto mume hupata robo. Mke aliyefiwa na mume asiye na mtoto hupata robo, na mume akiwa na mtoto mke hupata thumuni. Mafungu mengine matatu ni theluthi mbili, theluthi na sudusi. Wanafunzi wa elimu ya faraidhi huyahifadhi mafungu haya kwa njia nyepesi: nusu, nusu yake, na nusu ya nusu yake, theluthi mbili, nusu yake, na nusu ya nusu yake. Binti yetu alikuwa ameyasoma hayo madrasa miaka miwili nyuma. Hakuna aliyemwambia kwamba ile ngazi aliyoishuka pale kwa ustadhi ndiyo ngazi ile ile anayoshuka darasani akiandika 2⁻¹, 2⁻², 2⁻³.

Huu ni upungufu wetu sote. Tumewalea watoto wakidhani kwamba elimu ya madrasa imo katika mfuko mmoja na ya shule katika mfuko mwingine, na kwamba mifuko hiyo haipaswi kugusana. Hali haikuwa hivyo kwa waliotutangulia. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad mwanzoni mwa karne ya 9 Miladia, ndani ya kitabu chake cha al-jabr aliweka sehemu kubwa ya maswali ya wasia na mirathi. Yeye na waliomfuata waliiita namba isiyojulikana "shay", yaani kitu. Kipeo cha pili cha kitu hicho walikiita "mal", neno lile lile tunalolitumia tunaposema mali. Kipeo cha tatu walikiita "ka'b", neno la mzizi mmoja na jina la Al-Kaaba.

Tazama walivyoviita vipeo vilivyofuata. Cha nne kiliitwa mal mal, mbili na mbili. Cha tano kiliitwa mal ka'b, mbili na tatu. Cha sita kiliitwa ka'b ka'b, tatu na tatu. Kanuni ya kujumlisha vipeo ilikuwa ndani ya majina yenyewe. Mwanafunzi aliyetamka jina la kipeo alikuwa ameisoma kanuni yake.

Baada ya Abu Bakr al-Karaji kuipanua elimu hiyo, alikuja as-Samaw'al bin Yahya al-Maghribi katika karne ya 12 Miladia, ambayo ni ya 6 Hijria. Alizaliwa Baghdad katika familia ya Kiyahudi na baadaye akasilimu. Kitabu chake cha al-jabr kiitwacho al-Bahir alikiandika akiwa na umri wa miaka 19, umri ambao vijana wetu wengi ndio kwanza wanamaliza sekondari. Ndani yake alichora jedwali lenye moja katikati, upande mmoja vipeo vinavyokua na upande wa pili sehemu zake zinazopungua. Ukitaka kuzidisha, unahesabu umbali wa namba ya kwanza kutoka kwenye moja, kisha unakwenda hatua hizo hizo kutoka ilipo namba ya pili. Zile namba ndogo za juu tunazoandika leo hakuwa nazo, kwani uandishi huo ulienea kutokana na kitabu cha Mfaransa René Descartes cha mwaka 1637. Hata hivyo, bila alama hizo, alionyesha kwa jedwali na hatua kile ambacho watoto wetu wanakikariri kwa alama bila kuona jedwali wala hatua.

Hatuyasemi haya ili tujivunie makaburi. Mtoto wa Kiislamu anayefeli hesabu hasaidiwi na kuambiwa kwamba al-jabr ni neno la Kiarabu. Anasaidiwa na ile njia waliyoipita: tendo kwanza, hatua zihesabiwe, kanuni ije baadaye kama ufupisho wa yale aliyokwisha kuyaona. Sisi tumeigeuza. Tunampa mtoto ufupisho kabla ya kumpa kirefu chake, kisha tunashangaa anapoufupisha vibaya.

Tunajua mwalimu wa shule ana mzigo. Darasa limejaa, mada ni nyingi, muhula ni mfupi, na kuandika kanuni sita ubaoni huchukua dakika kumi tu. Lakini tunamwomba aangalie dakika hizo kumi zinamgharimu nini baadaye. Akitumia vipindi viwili vya mwanzo kuwaachia wanafunzi waandike kirefu, 3² × 3⁴ iwe (3 × 3) × (3 × 3 × 3 × 3), mara kumi, mara kumi na tano, watachoka wenyewe na kuanza kutafuta njia ya mkato. Atakayeipata ataisema kwa furaha, na darasa zima litaipokea kama mali yake. Hapo ndipo mwalimu aiandike ubaoni.

Lipo pia jambo la lugha. Mtoto wetu husoma vipeo shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika sekondari hukutana navyo kwa Kiingereza, na mara nyingi hakuna anayemwambia kwamba mgeni huyu ni yule yule jirani wa zamani aliyebadilisha kanzu. Mwanafunzi aiseme kanuni kwanza kwa maneno yake ya Kiswahili, kisha ndipo aiandike kwa Kiingereza cha mtihani. Binti yetu alikuwa na sentensi sita za Kiingereza zisizo na makosa, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Ama mzazi, hata ambaye hakusoma hesabu, anaweza kumsaidia mtoto kwa maswali matatu. La kwanza: hiyo namba ya juu inasema nini? La pili: hebu niandikie kwa kirefu, bila ufupisho. La tatu: jaribu kwa namba ndogo, je, pande zote mbili zinalingana? Swali hili la tatu ni mizani. Mtoto akidai kwamba 2³ × 2⁴ ni 4⁷, mwambie ahesabu. Upande mmoja atapata 8 × 16 = 128, upande wa pili atapata 16,384. Akidai ni 2¹², atapata 4,096. Mizani imekataa, na wewe mzazi hukulazimika kusema neno lolote la kumvunja moyo.

Kuuliza namna hiyo ni katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.). Bukhari na Muslim wamepokea habari ya bedui aliyemjia akiwa na shaka juu ya mtoto aliyezaliwa na rangi isiyofanana na yake. Mtume (s.a.w.) alimwuliza kuhusu ngamia wake: rangi zao, kama miongoni mwao yupo wa rangi tofauti, na rangi hiyo imetoka wapi. Bedui akajibu mwenyewe kwamba huenda ni asili ya mbali iliyomvuta, na Mtume (s.a.w.) akamwonyesha kwamba huenda mtoto naye ni hivyo hivyo. Aliyekuwa na shaka aliondoka na jibu alilolifikia kwa kujibu maswali juu ya kitu anachokijua, ngamia zake mwenyewe.

Maswali hayo matatu yatayafichua pia makosa mengine yanayojificha. La kwanza ni (2³)². Mtoto huona namba mbili za juu, naye huzijumlisha na kupata 2⁵. Mwambie aandike kirefu: ni 2³ × 2³, mikunjo mitatu irudiwe mara mbili, basi ni mikunjo sita, 2⁶, yaani 64. La pili ni 2³ + 2⁴. Hapa hukimbilia 2⁷ kwa kuwa amezoea kujumlisha vipeo. Mwekee kanga mbili. Moja imekunjwa mara tatu, nyingine mara nne, kisha iweke moja juu ya nyingine. Tabaka ni 8 na 16, jumla 24, na hakuna idadi ya mikunjo ya kanga moja itakayokupa 24. Kanuni ya vipeo ni ya kuzidisha, na palipo na alama ya kujumlisha haina mamlaka. La tatu ni 2³ × 5⁴, ambapo namba za chini hazifanani. Mkunjo wa mbili na mkunjo wa tano haviingii katika hesabu moja, basi viachwe kila kimoja na chake.

Huenda bado akawapo msomaji anayesema: mwanangu atakuwa mfanyabiashara au fundi, vipeo atavitumia wapi? Tumjibu kwa mfano mmoja. Mtu amechukua mkopo wa shilingi 100,000, na sharti lake ni kwamba kila mwezi deni lote, pamoja na nyongeza zilizokwisha kuingia, linaongezwa asilimia 20. Hakulipa chochote kwa mwaka mzima. Asiyejua vipeo atafikiri kwamba 20,000 kwa miezi 12 ni 240,000, basi anadaiwa 340,000. Lakini deni hilo linazidishwa kwa 1.2 mara kumi na mbili, yaani 1.2¹², na hiyo ni takriban 8.9. Mtu huyo anadaiwa zaidi ya shilingi 890,000. Katika Surat Aal Imran, aya ya 130, Mwenyezi Mungu (S.W.) amewakataza waumini riba inayorundikwa maradufu. Tunamtii kwa kuwa ameamrisha, na hilo linatosha. Lakini kijana anayejua kuhesabu huliona pia kwa macho yake lile jengo la deni linavyopanda, na hatadanganywa kirahisi na ujumbe wa simu unaomwahidi pesa ndani ya dakika tano.

Turudi nyumbani. Usiku ule wa kanga tulimwita binti yetu tukamwomba radhi, na tulifanya hivyo mbele ya wadogo zake wale wale, kwa kuwa neno baya lilisemwa mbele yao na halikustahili kufutwa faraghani. Baba kumwomba radhi mwanawe si jambo lililozoeleka katika mitaa yetu. Tulidhani litatupunguzia heshima. Yeye aliinamisha kichwa, akasema, "Yameisha, Baba," na kesho yake daftari likarudi mezani.

Jaribio lililofuata alipata sita kati ya kumi. Si alama za kutangazia mtaa, na hatukuzitangaza. Lakini mara hii alikaa nasi akatuonyesha mwenyewe alikokosea: alichanganya (−3)², ambayo ni 9, na −3², ambayo ni −9, kwa kuwa hakuyaangalia mabano. Mwanafunzi anayeweza kuliona kosa lake bila kuonyeshwa ameshaanza njia. Na juzi, tukiwa ukumbini, tulisikia sauti yake chumbani akimfundisha mdogo wake wa darasa la sita. Hakuwa akimtajia kanuni. Alikuwa akimwuliza: "Kanga ambayo haijakunjwa ina tabaka ngapi?"

Tunawaomba wazazi, walimu wa shule na maustadhi wa madrasa walichukue jambo hili kama amana. Ustadhi akifundisha mafungu ya mirathi, achukue dakika tano awaonyeshe wanafunzi kwamba hiyo ni hesabu ya darasani kwao. Mwalimu akiwa na vipeo ubaoni, atangulize kirefu kabla ya kifupi. Na mzazi, daftari likija mbele yake limejaa wino mwekundu, aulize kabla ya kuhukumu.

Mwenyezi Mungu (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie ndimi nyepesi kwa watoto wetu. Tukutane wiki ijayo, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq.